Asilimia 70 Ilipitia Ruiru

Kuna sentensi moja ambayo nimeiandika mara nyingi kuliko jina langu: kwamba takriban asilimia 70 ya juhudi za mabadiliko katika mashirika hushindwa. Niliiandika kwa Kiingereza, usiku, ndani ya bedsita ya Kihunguro, Ruiru, mita ya stima ikilia kwamba tokeni zinaisha. Niliiandikia mwanafunzi wa Manchester, nikaiandikia nesi wa Texas aliyekuwa akisomea uongozi wa hospitali, nikamwandikia pia mtu mmoja wa Australia ambaye sikuwahi kujua alikuwa anasomea nini hasa, ila alilipa mapema na hakusumbua.

Sentensi yenyewe ilikuwa tamu kuandika. Ilifungua insha vizuri. Ukishasema asilimia 70 hushindwa, msomaji anakaa sawa kwenye kiti, nawe unapata ruhusa ya kuleta dawa. Kisha unaweka mabano, majina mawili, mwaka, nukta. Kwa miaka kama saba hivi sikuwahi kufungua makala niliyokuwa nikiitaja kwenye mabano hayo. Nilikuwa nimeitoa kwenye insha ya mwenzangu wa Juja, naye aliitoa mahali pengine.

Kama unaishi kando ya Thika Road huhitaji kuelezwa kazi hii. Kuanzia Roysambu, Kahawa, Ruiru, Juja hadi Thika, kila ploti ilikuwa na mtu ambaye hulala mchana na taa yake haizimwi usiku. Majirani walidhani ni mambo ya Yahoo. New York Times waliandika juu yetu 2019, na mwaka wa 2024 ikatoka filamu ya The Shadow Scholars, ikimfuata Profesa Patricia Kingori wa Oxford. Mazungumzo yote yalikuwa juu ya wizi: nani kanunua digrii ya nani. Sawa, yazungumzwe. Mimi nina swali la msomaji tu, si la polisi. Tulikuwa tunaandika nini? Kwa sababu mimi na wenzangu tumeandika kurasa nyingi kuliko waandishi wengi wanaotajwa kwenye majarida kama hili, na sehemu kubwa ya kurasa hizo ilikuwa fasihi ya aina moja. Fasihi ya menejimenti. Ina wahusika wake, ina mashairi yake, ina hata miungu.

Na inasomwa. Pita karibu na steji ya Thika jioni uangalie wauza vitabu wametandaza nini juu ya gunia. Utakuta riwaya mbili tatu za kutahiniwa shuleni, Biblia, halafu Rich Dad Poor Dad, The 7 Habits of Highly Effective People, na kile kijitabu chembamba cha jibini, Who Moved My Cheese? cha mwaka wa 1998. Hicho cha jibini nimekisoma mara tatu, na kila mara nimekasirika upya. Ni ngano ya panya wawili na vijitu viwili ndani ya njia za kupotezana. Jibini linatoweka. Panya wanaondoka kutafuta lingine bila kelele, nao ndio werevu. Kijitu kimoja kinasimama na kuuliza kwa hasira: nani amehamisha jibini langu? Huyo ndiye mjinga wa hadithi. Yaani mhusika anayeuliza swali lililoandikwa kwenye jalada ndiye tunayefundishwa kumcheka, na hadi ukurasa wa mwisho hakuna anayejibiwa. Mkono uliohamisha jibini hauonekani. Sungura wa ngano zetu angeanza na huo mkono.

Turudi kwa asilimia 70. Siku moja, kazi zikiwa chache, niliamua kuifuata sentensi yangu hadi kwao, kama vile mtu anavyofuata mfereji kutafuta mahali maji yanapopotelea. Safari haikuwa ndefu. Makala niliyokuwa nikiitaja ni ya Michael Beer na Nitin Nohria, ilitoka Harvard Business Review mwaka wa 2000. Wanaitangaza asilimia 70 kama jambo linalojulikana na kila mtu, halafu wanaendelea na safari yao. Hakuna jedwali wala utafiti wa kuipata. Ukirudi nyuma zaidi unafika kwa Michael Hammer na James Champy, na kitabu chao cha 1993, Reengineering the Corporation, kilichouza nakala kwa mamilioni. Hapo ndipo namba inaonekana kwa mara ya kwanza, tena ikiwa na aibu zake: wanasema ni makisio yao tu, yasiyo ya kisayansi, kwamba kati ya asilimia 50 na 70 ya mashirika yanayojaribu dawa yao hayapati matokeo makubwa waliyotarajia. Angalia kilichotokea njiani. Neno makisio limeanguka. Ile 50 imeanguka. Na dawa moja iliyokuwa ikizungumziwa, ya kuvunja na kujenga upya mifumo ya kazi, imekuwa mabadiliko yote ya mashirika yote duniani. Mwaka wa 2011 Mark Hughes, msomi wa Uingereza, alichapisha makala iliyochunguza namba hii inapotajwa kwenye machapisho matano, na akahitimisha kwamba hakuna ushahidi halali nyuma yake. Makala hiyo ipo. Imekuwepo muda wote nilipokuwa nikiandika. Nani angeitaka? Swali la mwanafunzi lilisema jadili kwa nini mabadiliko hushindwa, halikusema jadili kama hushindwa.

Kisha kuna John Kotter, mzee wa hatua nane. Wasee wa academic writing walimjua Kotter kama vile watu wa Makongeni wanavyomjua konda wa gari lao. Alitoa makala Harvard Business Review 1995, akatoa kitabu Leading Change 1996. Hatua ya kwanza, jenga hisia ya dharura. Ya pili, unda kikundi cha kuongoza. Unaendelea hivyo, maono, mawasiliano, ushindi mdogo wa haraka, hadi ya nane ambapo mambo mapya yanazama kwenye utamaduni wa shirika. Ni maandishi mazuri, nikisema kweli. Sentensi fupi, hofu kidogo, tumaini kidogo, tena zinahesabika kwa vidole. Lakini kitabu hicho hakina rejea. Hakuna tanbihi wala orodha ya vitabu mwishoni. Kotter aliandika kutokana na yale aliyoyaona akizunguka kwenye makampuni, jambo ambalo si kosa. Wazee wetu wengi hawakuweka tanbihi pia. Kinachoshangaza ni kwamba kitabu kisichomtaja mtu kimekuja kutajwa na kila mtu. Tulikuwa tukiambiwa: weka angalau vyanzo kumi vya kitaaluma. Tunaweka Kotter wa kwanza, halafu tunatafuta makala tisa zilizomtaja Kotter.

Piramidi ya Maslow umeichora, usinidanganye. Kama ulipitia diploma yoyote ya biashara umeichora kwa rula. Abraham Maslow aliandika nadharia yake ya mahitaji mwaka wa 1943 na hakuchora piramidi yoyote. Mwaka wa 2019 Todd Bridgman, Stephen Cummings na John Ballard walichapisha uchunguzi wao wa kutafuta aliyeijenga, wakafika kwa mwanasaikolojia mshauri wa makampuni, Charles McDermid, kwenye makala ya jarida la Business Horizons ya 1960. Wawili wa kwanza walikuwa wameshafanya kazi kama hiyo kwa Kurt Lewin, yule wa yeyusha, badilisha, gandisha. Lewin alifariki 1947 na aligusia jambo hilo kwa maneno machache tu. Waliokuja baadaye ndio walioligeuza kuwa msingi wa somo zima. Ukiuliza kwa nini piramidi ilimshinda Maslow mwenyewe, jibu langu ni la mtu aliyetengeneza slaidi nyingi kwa pesa: piramidi inaingia kwenye slaidi moja. Maslow haingii.

Sasa hapa ndipo watu husema, aah, hiyo ni mitindo tu ya magazeti ya biashara, wasomi wa kweli wako mbali na ujinga huo. Hapana. Mwaka wa 1996 Eric Abrahamson alieleza kwenye Academy of Management Review jinsi fasheni za usimamizi zinavyotengenezwa, na kwenye orodha yake ya mafundi cherehani vyuo vya biashara viko benchi moja na washauri, magwiji na magazeti. Meneja hahitaji tu mbinu inayofanya kazi. Anahitaji kuonekana anatumia mbinu ya kisasa, na mtu fulani lazima amwambie ya kisasa ni ipi mwaka huu. Miaka mitatu baadaye, yeye na Gregory Fairchild walipima jinsi vikundi vya ubora, ile fasheni ya Marekani ya kuiga Japani, vilivyoandikwa kwenye machapisho. Maandishi yalipanda kwa kasi mwanzoni mwa miaka ya 1980, kisha yakaporomoka. Lililonigusa mimi kama mwandishi ni hili: fasheni inapopanda, lugha huwa ya msisimko na haipimwi, inaposhuka ndipo watu huanza kuandika kwa akili. Yaani uchambuzi mzuri hufika mazishini.

Na wakati mwingine mtindo husukumwa kwa mkono. Kampuni ya ushauri ya CSC Index, ambayo Champy aliiongoza, ilikuwa na kitabu kingine, The Discipline of Market Leaders, cha 1995. BusinessWeek wakaripoti mwaka huohuo kwamba maelfu ya nakala zilikuwa zimenunuliwa kwa mpango ili kitabu kipande kwenye orodha ya New York Times. Kitabu kinauza ushauri, ushauri unanunua kitabu. Ukiwahi kuona wasanii wetu wakinunua viewsi za YouTube, hakuna jipya hapo.

Kwetu mtindo haukuingia kwa mlango mmoja. Serikali ilianza mikataba ya utendaji 2004 kwa mashirika 16 ya umma, wazo ambalo Ufaransa ilikuwa imelijaribu tangu miaka ya 1960. Zikaja kampeni za siku 100 za matokeo ya haraka. Harvard Business Review ya Septemba 2003 ilikuwa na makala ya Nadim Matta na Ronald Ashkenas juu ya njia hiyohiyo. Vikafuata vyeti vya ISO 9001, vikaning'inizwa langoni hadi kwenye ofisi ambazo choo chake huingii bila kushika pua. Sipigi vita haya yote. Nasema tu yalifika yakiwa tayari yamevaa suti.

Mlango mkubwa, lakini, ni chuo. Fungua hazina ya kidijitali ya chuo kikuu chochote hapa, utafute miradi ya MBA. Athari ya hiki kwa utendaji wa kile, katika kampuni za viwanda, Thika. Athari ya kile kwa utendaji wa hiki, Kaunti ya Kiambu. Thika ina bahati mbaya ya kuwa na viwanda vingi karibu na vyuo vingi: mafuta ya kupikia, mananasi ya mkebe, nguo, ngozi, magari ya kuunganishwa. Kwa hiyo hojaji zinamiminika. Kubali sana, kubali, sijui, kataa, kataa sana. Mfanyakazi anaulizwa kama uongozi una maono, meneja yuko nyuma yake, kalamu ni ya kampuni. Anaweka alama kwenye kubali. Alama hizo zinapigwa hesabu, zinapata asterisiki mbili, na mtindo uliotoka Boston bila ushahidi sasa una ushahidi kutoka Thika.

Najua habari za kalamu ya kampuni kwa sababu niliishia huko. ChatGPT ilipotoka Novemba 2022 oda zetu zilikauka kama mto wa msimu, na mwaka uliofuata nikapata kazi ya karani wa stoo kwenye kiwanda kimoja cha Thika ambacho sitakitaja. Kila asubuhi gari kutoka Ruiru, kinyume na watu wote wanaoenda Nairobi, starehe pekee ya kazi hiyo.

Huko nilimkuta mzee mmoja wa mashine tuliyemwita Fundi tu. Miaka 19 kiwandani. Yeye ndiye alinifanya nikome kudharau kila kitu chenye slaidi. Wakati fulani kabla sijafika walikuwa wameletewa Kaizen na zile S tano za Kijapani. Nikatabasamu nikijua, mimi hapo msomi. Fundi akanipeleka kwenye ubao wake wa spana. Kila spana ilikuwa na kivuli chake kilichochorwa kwa rangi, ili jioni uone kwa jicho moja ni ipi haijarudi.

"Kijana," akasema, "zamani nilikuwa natafuta namba 17 nusu saa. Hii ilinipunguzia kazi. Kitu kikinipunguzia kazi sikiulizi kabila."

Nilikumbuka kwamba Tanzania walikuwa wamezitafsiri zile S tano: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Zilianzia hospitali ya Mbeya, mwaka wa 2007, kwa msaada wa Wajapani, baada ya njia hiyo kujaribiwa hospitalini Sri Lanka. Mtu aliyekaa na kutafuta vitenzi vitano vya Kiswahili vinavyoanza na S alifanya kazi kubwa kuliko insha zangu zote. Alilazimika kujua maana. Mimi sikuwahi kulazimika kujua maana ya lolote. Nilihitaji tu lipite Turnitin. Na labda hapo ndipo tofauti ilipo, kati ya mbinu ambayo Fundi anaweza kuishika na kuikosoa kwa mkono, na ile inayofika kama habari tu, ikidai imani.

Ya aina ya pili ilifika Machi. Tukaitwa kantini, zamu zote mbili, projekta ikawekwa juu ya meza ya ugali. Mshauri alikuwa kijana wa rika langu, mpole, amejiandaa. Slaidi ya kwanza ilikuwa jina la mpango. Ya pili, dunia inabadilika. Ya tatu, kwa herufi kubwa za rangi ya chungwa: 70%. Chini yake mabano, majina mawili, 2000.

Nilijua kila kitu kitakachofuata. Ningeweza kumsaidia kubonyeza. Hatua ya kwanza, dharura: soko ni gumu, stima ni ghali, bidhaa za nje. Hatua ya nne, mawasiliano: ndiyo hii tunayofanya sasa, jamani. Mahali fulani kati ya ya tano na ya sita, pale panapoitwa kuondoa vikwazo, tukaambiwa kwamba zamu ya usiku itaondolewa. Zamu ya usiku ilikuwa watu. Fundi alikuwa zamu ya usiku.

Akainua mkono. Hakuuliza juu ya pesa. Hayo aliyajua, sheria ya ajira ya 2007 inasema angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika, na alikuwa ameshapiga hesabu yake, siku 285. Alirudi nyuma kwenye slaidi ya tatu.

"Hiyo sabini," akasema, "ilipimwa wapi, mwalimu?"

Kijana akasema ni utafiti wa Harvard. Akasema kwa unyenyekevu, na ninaamini hakudanganya, kwa sababu alikuwa ameisoma mahali. Inawezekana kabisa aliisoma kwangu. Si kwa jina langu, lakini mahali kati ya Manchester na Texas na kule kwingine, kwenye insha iliyopata alama nzuri na kuhifadhiwa kama mfano, sentensi yangu ilikuwa bado inafanya kazi.

Fundi akasema asante, akakaa. Mimi nilikuwa safu ya tatu kutoka nyuma. Nilikuwa mtu pekee kwenye kantini ile aliyejua jibu la swali lake, mwaka, majina, neno makisio, kila kitu, na nilikuwa na kontrakti ya miezi sita iliyokuwa imebakisha miwili. Niliangalia viatu vyangu.

Namba isingemwokoa, najua. Kama ingekuwa asilimia 7 zamu ingeondoka vilevile. Uamuzi ulifanywa kabla ya projekta kuwashwa. Lakini mzee alikuwa ameuliza swali la jalada, nani amehamisha, na tukamwacha akae chini kama kile kijitu cha jibini.

Tumebaki marafiki, kama unaweza kuita hivyo. Sasa ana kibanda cha kuchomelea huko Kiganjo, na binti yake anasomea diploma ya usimamizi katika chuo kimoja mjini. Mwaka jana alinipigia simu. Msichana ana insha inamsumbua, na yeye amesikia kwamba zamani nilikuwa na kazi ya mambo hayo. Nikaenda Jumapili. Swali: eleza hatua nane za Kotter ukirejelea shirika unalolijua.

Sikumwandikia. Tulikaa naye, tukaandika pamoja, yeye kalamu, mimi chai. Alichagua kiwanda cha baba yake. Hatua zote nane alizieleza vizuri kuliko mimi nilivyowahi, kwa sababu alijua zamu ya usiku inaanza saa ngapi. Mwishoni nikamwonyesha makala ya Hughes kwenye simu. Akaisoma yote, akauliza maneno mawili matatu, akaandika aya moja ya mistari tisa kuhusu asilimia 70 na mahali ilipotoka, akaweka mabano yake mwenyewe.

Alipata 16 juu ya 20. Alinitumia picha ya karatasi WhatsApp. Kotter ana tiki kila hatua. Pembeni mwa ile mistari tisa, kwa kalamu nyekundu, mwalimu alikuwa ameandika neno moja: haihusiani.